Programu ya mazishi ya Mwalimu: maoni yangu kuhusu duka moja la uchapaji, Malindi mjini

Mwenye msiba akiniuliza leo akapige chapa wapi programu ya mazishi hapa Malindi, ninamtuma kwenye duka dogo lililo upande wa soko la zamani, lenye mlango wa buluu na benchi ya mbao nje. Ndani utakuta kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, printa ya rangi na feni inayozunguka polepole. Vifaa hivyo viko kila mahali mjini. Wanachowashindia wengine ni kwamba wao huuliza maswali kabla hawajagusa taipu, na hawaachi kuuliza mpaka marehemu aonekane ni mtu. Hilo ndilo lililonifanya nikae niandike haya kwa kirefu.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na kazi ya mwenzangu huwa naigeuza ndani nje nione mshono. Programu za mazishi nimezishika nyingi, maana kwetu haipiti wiki bila kuitwa mahali. Tulipompoteza ami yetu, kazi ilipelekwa duka jingine. Wale walikuwa na wasifu umekaa tayari kwenye kompyuta, wakabadilisha jina na tarehe tu. Siku ya maziko tunafungua ukurasa wa ndani tunakuta majina ya wajukuu wa watu tusiowajua. Shangazi alikikunja kile kijitabu, akakiweka chini ya kiti, na hakukifungua tena hadi ibada ikaisha. Kwa hiyo zamu ya Baba ilipofika nilisema mimi mwenyewe nitakwenda, na nitakaa hapo hapo.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ng'ambo ya Sabaki, nyuma ya Marafa, kule kwenye korongo la Nyari ambalo watalii hupelekwa jioni kutazama jua likizama. Kabla ya ualimu alikuwa askari. Tangu ujana wake hadi alipofumba macho alikuwa Mkristo wa Kianglikana, msomaji wa kanisa, mume wa mke mmoja. Ukiyaweka hivyo ni sentensi tatu, na programu nyingi huishia hapo, halafu zinajazwa: alikuwa mcha Mungu, mchapakazi, mtu wa watu, pengo lake halitazibika. Hakuna uongo ndani yake. Lakini maneno hayo husomewa kila maiti, na asiyemjua Baba angeondoka pale kaburini vile vile alivyokuja.

Kaka yangu mkubwa alikuwa ameshaandika ukurasa wa namna hiyo kwenye karatasi ya daftari. Kijana wa kompyuta aliusoma wote, akanitazama, akamwita mwenye duka aliyekuwa nyuma akikata karatasi. Huyu ni mzee wa Kibajuni, kofia ya kazi ya mkono, kikoi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Akanipa pole, akamwombea Baba, kisha akavuta kiti.

"Mwanangu, Mwalimu alikuwa akiamka saa ngapi?"

Nikamwambia saa kumi alfajiri.

"Akiamka anafanya nini?"

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Nikaeleza kwamba alikuwa akiwasha kandili, anasoma zaburi moja, kisha anaomba kwa sauti. Katika maombi anaanza na jina la mama, halafu watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, halafu wanafunzi wa darasa la mwisho, mmoja mmoja, hasa mwaka wa mtihani ukikaribia. Tulilala chumba cha pili na sote tulikuwa tukisikia majina yetu yakipita gizani. Baada ya hapo anapiga viatu rangi. Viatu vyeusi, kila siku, hata msimu wa mvua anapojua kwamba matope yatamfikia kifundoni kabla hajafika shuleni. Huo ulikuwa mkono wa jeshi. Saa moja kamili anagonga rimu ya lori iliyofungwa kwenye mkwaju, na rimu ile ilikuwa ndiyo saa ya kijiji kizima. Wanawake walikuwa wakipima nayo wakati wa kwenda kuteka maji.

Kijana alikuwa anataipu huku mimi nasema. Sikujua mpaka alipogeuza kioo nikaona.

Wana daftari la maswali yao, limechakaa. Hawaulizi alikuwa mtu wa tabia gani. Wanauliza alikaa kiti gani nyumbani, aligombana na nani na wakapatana vipi, alinunua nini kwa mshahara wa kwanza. Hilo la mshahara nilishindwa kulijibu nikampigia mama simu. Alinunua blanketi mbili, moja ya mama yake na moja ya mwanamke aliyekuwa anataka kumwoa. Mama alicheka kwenye simu, kicheko cha kwanza tangu tumlaze Baba mochari. Hata kama duka hili lingekuwa halina sifa nyingine, kwa simu ile ningelisifu.

Habari za jeshi ndizo zilizotutatiza zaidi, na hapo ndipo nilipoona kwamba hawa watu wanajali ukweli. Kaka alikuwa ameandika kwamba Baba aliingia jeshini 1961. Ami zangu nao walisema 1961. Mzee akauliza kama kuna karatasi. Kulikuwa na sanduku la bati alilotoka nalo kambini, tukalileta kwa tuktuk. Mchwa walikuwa wameshaingia pembe moja, lakini cheti cha kuondoka jeshini kilikuwa kimefungwa kwenye kipande cha turubai, kizima. Mwaka ulioandikwa ni 1962. Aliingia akiwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la kikoloni chini ya Waingereza, na usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 bendera iliposhushwa, vikosi vile vile vikawa Kenya Rifles. Alikuwa batalioni ya tatu. Sisi watoto tulikuwa tukimsikia akisema kwamba alilala mwanajeshi wa Malkia akaamka mwanajeshi wa Kenya, sare ile ile, buti zile zile. Tukaliandika hivyo.

Januari 1964 askari wa batalioni ya kumi na moja waliasi kule Lanet, karibu na Nakuru, siku chache tu baada ya maasi ya Tanganyika na ya Uganda. Baba hakuwa kikosi hicho. Kaka alitaka tuandike kwamba alisaidia kuyazima. Mzee akauliza: "Nani alimsikia akisema?" Hakuna aliyemsikia. Haikuandikwa.

Kisha tukafika kwenye vita vya Shifta, vya Wasomali wa kaskazini mashariki waliotaka kujiunga na Somalia. Vilianza tu nchi ilipopata uhuru na vikatulia mwaka wa 1967 baada ya mapatano ya Arusha. Baba alikuwa upande wa Garissa na Wajir. Lori lililotangulia mbele ya lao lilikanyaga bomu la kutegwa ardhini, na tangu siku hiyo sikio lake la kushoto halikusikia tena. Ndiyo sababu alikuwa akifundisha amegeuza bega, sikio la kulia likielekea darasani, na mtoto mtundu akijua kukaa upande wa dirisha. Kaka alitaka neno "shujaa" na alitaka hesabu ya maadui. Mwenye duka alinyamaza kidogo, akavua miwani. Akatuambia kwamba wazazi wake walikuwa watu wa bara ya Lamu, pwani ile ya kuelekea Kiunga, na kwamba vita hivyo ndivyo vilivyowatoa kwenye mashamba na visima vyao wakapanda jahazi na mikeka na kuku, yeye akiwa mtoto. Walifikia Lamu, kisha Malindi, na hawakurudi. Akasema anawajua askari wa wakati ule waliowalinda wazee wake, na anawajua Wasomali waliohamishwa kwa nguvu wakafungiwa vijijini nao hawana kosa. "Mwandikeni alichofanya na alichowaambia yeye mwenyewe," akasema, "mengine mwachieni Mungu."

Alichotuambia yeye mwenyewe ni kidogo. Alisema aliona watoto wengi wa makamo ya shule wasio na shule, wa pande zote, na kwamba alipokuwa zamu usiku alikuwa akiwafundisha wenzake wasiojua kuandika ili wapate kuwatumia wake zao barua bila kumtafuta karani. Muda wake ulipoisha 1968, hakuomba kuongezewa. Ukurasa wa jeshi kwenye programu una aya mbili tu, na mmoja wa askari wastaafu waliokuja maziko alisimama akasema kwamba kila neno ni la kweli. Kaka yangu aliufurahia sana ushahidi ule.

Kuhusu ualimu tulikuwa na mengi mno na ilibidi kupunguza. Alianza 1969 bila cheti, kama walimu wengi wa mashambani wakati huo. Tume ya kuwaajiri walimu ilikuwa na umri wa miaka 2 tu. Alisoma kwa posta, vitabu vikija kwa bahasha, na masomo mengine akiyasikiliza kwenye Sauti ya Kenya, redio imewekwa juu ya kabati ili watoto wasiiguse, sikio la kulia limebanwa kwenye spika. Akapata daraja ya ualimu ya P3, akapanda hadi P2, akastaafu 1996 akiwa P1, umri miaka 55 kama sheria ilivyokuwa. Shule yenyewe aliikuta vyumba viwili vya fito na udongo. Rais Kenyatta alipoondoa karo kwa madarasa ya chini, Januari 1974 watoto walifurika hata wengine wakafundishiwa chini ya mkwaju. Maziwa ya Nyayo, ya bure kwa watoto wa shule, yalipoanza 1979, yale ya pakiti za pembe tatu, barabara ikikatika kwa mvua lori haliji, basi alikuwa akipanda baiskeli na wazazi wawili watatu kuyafuata lilipokwama. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoingia 1985 serikali iliongeza darasa la nane, na darasa haliji na kuta zake. Harambee ya mbuzi na magunia ya mahindi ndiyo iliyojenga chumba kile. Bado kipo, na mabati yake yameshabadilishwa.

Alikuwa pia na fimbo. Mdogo wangu hakutaka itajwe. Wanafunzi wake wa zamani waliokuja matangani walikuwa wakisimulia fimbo ile kabla ya jambo jingine lolote, wazee wenye mvi, na mzee wa duka akasema waliochapwa wakikumbuka na mwenye kuchapa akafichwa, programu itakuwa ya mtu mwingine. Tukaandika sentensi moja: alichapa, na mtoto mwenye njaa hakumchapa. Jambo hili la pili ni la kweli kabisa. Kabla hajamwadhibu mchelewaji alikuwa akiuliza kwanza kama amekula, na aliyesema hapana alitumwa nyumbani kwetu kwa mama.

Sasa nizungumzie kazi yenyewe ya mkono, maana ndiyo mnayolipia.

Picha moja tu ya Baba akiwa na sare ilikuwepo, ndani ya fremu, na kwa joto na chumvi ya pwani ilikuwa imegandamana na kioo. Mtu wa studio moja alikuwa ameshataka kuibandua kwa kisu. Kijana wa duka hili alikataa hata kuitoa kwenye fremu. Aliniambia rangi ya picha imeshashikwa na kioo, ukivuta inabaki kule uso wote. Alikisafisha kioo kwa kitambaa na spiriti kidogo, akazima feni vumbi lisiruke, akaiskani kupitia kioo hicho hicho. Kisha akaikuza kwenye kompyuta na kuanza kuondoa madoa, doa baada ya doa, ulimi ameubana kati ya meno. Palipokuwa na ukungu shavuni alisita, akaniuliza: "Mama, hili ni doa au ni alama yake?" Ilikuwa alama yake, kovu la ndui. Akaliacha. Mtu aliyeuliza swali lile simjui jina la babake lakini namwombea.

Jambo ambalo nilibidi kushindana nao ni mapambo. Duka hili, kama yote, linapenda njiwa, mawingu ya zambarau, mishumaa na lango la dhahabu lenye mwanga nyuma. Walishaweka njiwa wawili kwenye jalada kabla sijasema lolote. Nikawaambia Baba hakuwa mtu wa mapambo, nataka picha ya mkwaju na rimu yake, basi. Kijana hakuridhika, akaniambia watu watasema ni programu ya shule. Nikamjibu ndivyo. Mzee akaamua kwa upande wangu. Ukienda, uwe na kauli juu ya jalada tangu mwanzo, la sivyo utapewa mawingu.

Ndani niliomba wachape wosia wake kwa mwandiko wake mwenyewe, si kwa taipu. Aliuandika kwenye karatasi yenye mistari, herufi zimelala upande mmoja kama za ubaoni. Alisema azikwe siku ya Jumamosi watoto wa shule wapate kuja bila kukosa masomo. Alisema pasiwekwe koma, kile kigingi cha mti cha kumkumbuka marehemu kwa mila zetu, wazee wa ukoo wasikasirike, anawaheshimu, ila kaburi lake liwe na msalaba wa mti tu. Na alisema pasipigwe muziki usiku. Hili la mwisho alilipigania tangu akiwa mwalimu mkuu hadi alipokuwa mzee wa mkongojo. Disko matanga zimewaharibia masomo wasichana wengi wa Kilifi, wanakwenda kwenye msiba wanarudi na mimba, na ijapokuwa serikali imezipiga marufuku bado zinasikika. Waliuskani wosia wote, wakausafisha karatasi ikawa nyeupe na wino ukabaki mweusi. Wale wazee wa ukoo waliokuwa wakinong'ona juu ya koma walipoona ni mkono wake, walinyamaza. Kwa taipu wangesema tumemtungia.

Lakini jambo lililonishika zaidi ni lile la rasimu. Kabla ya kuchapa nakala zote wanakupa rasimu uipeleke nyumbani isomwe. Walipojua mama ndiye atakayesoma, waliitoa kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, bila kudai shilingi ya ziada. Mama hakusoma akiwa mtoto. Alijifunza kwenye masomo ya ngumbaru, kampeni ile ya 1979, na mwalimu wa ngumbaru kijijini kwetu alikuwa mumewe. Jioni, baada ya kazi ya mchana kutwa, Baba alikuwa akiwafundisha akina mama chini ya mkwaju ule ule, na mkewe akikaa mstari wa nyuma akiitwa jina kamili kama wengine. Basi alikaa mlangoni penye mwanga, kidole kwenye mstari, akasoma wasifu wote kwa sauti ya chini. Ilimchukua alasiri nzima na hakuna aliyemharakisha.

Alipomaliza akasema, "Mmeandika watoto saba."

Tukasema ndiyo mama, tuko saba.

Akasema leteni Biblia. Kwenye kurasa za mwanzo Baba alikuwa ameandika watoto wote kwa tarehe zao, na kati ya wa tatu, ambaye ni mimi, na wa nne, kuna jina la mvulana wa 1977 lenye tarehe mbili zilizokaribiana. Surua. Mimi nilikuwa mdogo mno kumkumbuka. Mama hakusema mengi, alisema tu kwamba Baba alikuwa akimtaja katika maombi ya alfajiri hadi mwisho, wa nne kwa mpangilio, na kwamba sisi tulikuwa tumelisikia jina lile miaka yote tukidhani ni la mwanafunzi. Nilirudi dukani na habari hiyo kurasa zikiwa zimeshapangwa zote. Kuongeza jina moja kulisukuma mistari hadi ukurasa wa mwisho, ikabidi wazipange upya picha za wajukuu. Kijana hakunung'unika. Aliandika "watoto 8", akaweka jina mahali pake, akaniuliza tarehe mara ya pili ili awe na hakika.

Sasa kasoro, maana zipo. Picha ya harusi, ukurasa wa 9, ilitoka nyeusi mno. Uso wa mama hauonekani vizuri, na kwenye kioo cha kompyuta ulikuwa unaonekana. Waambieni watoe ukurasa mmoja wa majaribio kwenye karatasi ile ile ya mwisho kabla ya kuchapa zote. Orodha ya shukrani nyuma ina herufi ndogo ambazo wazee hawakuzisoma. Pini za stepla kwenye baadhi ya nakala zimekaa kando ya mkunjo, kwa hiyo karatasi ya katikati inachomoka. Mimi jicho langu la ushonaji lilikiona hicho mara moja, nikawarudishia hizo na wakazibana upya. Kigiriama hawakijui vizuri. Wimbo mmoja tulioutaka kwa lugha ya nyumbani walikosea maneno, ikabidi binamu yangu akae nao neno kwa neno. Stima ikipotea, na hupotea, wana betri ya kompyuta lakini printa ya rangi inasimama, kwa hiyo usiwapelekee kazi siku ya mwisho ukategemea bahati. Na kusubiri ni nje kwenye benchi, jua la saa nane likiwa limekuelekea usoni.

Bei si ya chini kuliko zote mjini. Kijitabu cha kurasa 24, nusu ya karatasi ya A4, jalada la rangi la karatasi nzito na ndani nyeusi na nyeupe isipokuwa kurasa nne za picha, tulilipa shilingi 150 kwa kimoja kwa sababu tulichukua 200. Ukichukua 50 wanapandisha. Kusafisha picha ya zamani ni 500, hata ikiwa mbovu kama yetu. Kuuliza maswali na kutaipu wasifu hawakutoza, na mimi nasema wangestahili kutoza. Kuna wanaochapa kwa 80. Nilizishika zile za 80, jalada lake linatoa wino kwenye vidole vyenye jasho, na mazishi ya kwetu hayafanyiki kivulini.

Nakala 200 hazikutosha. Mwalimu mkuu wa sasa, ambaye darasa la kwanza alifundishwa na Baba, alichukua 10 za shule akaziweka kabatini pamoja na vitabu vya kiada, na watoto wa darasa la sita wameshapewa ukurasa wa ualimu wausome kwenye somo la insha. Tumerudi kuagiza nyingine 60, na safari hii wamekubali kuirekebisha ile picha ya harusi bila malipo; fremu nzima tumewapelekea waiskani wao badala ya kutumia picha ya simu tuliyokuwa tumewatumia mwanzo.

Ukienda, chukua vyeti vyote ulivyonavyo, hata vilivyoliwa na mchwa, na Biblia au daftari lolote lenye tarehe. Picha usizitoe kwenye fremu. Mpeleke pia mtu mmoja aliyeishi na marehemu nyumba moja, kwa sababu yale maswali hayajibiki na mjumbe. Wanafungua saa mbili asubuhi, Ijumaa wanafunga saa sita hadi saa nane kwa swala, Jumapili hawapo. Malipo ni kwa M-Pesa au taslimu, nusu wakati wa kuagiza na nusu wakati wa kuchukua.